Pumzi haina dini: Tusiiogope yoga ya sauti

Apitaye katika Soko la Burma, kandokando ya Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, hahitaji kuelezwa nguvu ya sauti. Wauzaji hunadi bidhaa zao, nao manamba wa matatu huitikia kutoka barabarani. Msikilize mchuuzi hodari: haropoki. Hukariri maneno yale yale kwa mahadhi yale yale, na kuvuta pumzi mahali pale pale. Kwa upande mwingine, mwalimu aliyehutubia darasa lililofurika kwa saa chache tu hutoka amekaukiwa na koo.

Tofauti hii haitokani na ukubwa wa kifua bali na matumizi ya pumzi. Mchuuzi amefunzwa na soko. Mwalimu hakufunzwa na yeyote. Ni kwa sababu hiyo ninawaomba walimu na wanafunzi waitazame upya yoga, hasa ile sehemu yake inayotumia sauti.

Wengi wetu hudhani kwamba yoga ni kunyoosha viungo tu. Hata hapa Nairobi, ambako shirika la Africa Yoga Project limekuwa likiwafunza vijana tangu mwaka 2007, wapita njia huona mikono na miguu pekee. Hata hivyo, maandiko ya kale ya Patanjali yanautaja ukariri wa silabi Om kuwa njia ya kuituliza akili. Mwanaisimu hupata somo zuri katika silabi hiyo, ambayo wafafanuzi wake wa kale waliigawa katika sauti tatu. Irabu A hutamkwa kinywa kikiwa wazi. U huiviringa midomo. M huifunga kabisa, na hewa ikatokea puani. Muda wote huo nyuzi za sauti hutetema, na pumzi hulazimika kutoka polepole. Anayeghani hawezi kuhema ovyo.

Sayansi nayo imetoa ushahidi wake. Mwaka 2001, Luciano Bernardi na wenzake walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, utafiti uliohusu watu wazima 23. Waligundua kwamba kusali rozari kwa Kilatini na kukariri mantra ya yoga kulipunguza pumzi hadi takriban 6 kwa dakika, na kulinganisha vyema mapigo ya moyo. Tazama basi: sala ya Kikatoliki na mantra ya Mashariki ziliufikisha mwili mahali pamoja.

Najua watakaopinga. Nchi hii iliwahi kuunda tume mwaka 1994 kuchunguza ibada za shetani, na hofu ya mambo mageni shuleni haijatoweka. Wazazi wenye hofu hiyo wasidharauliwe. Om ni silabi takatifu kwa Wahindu na Wabudha. Si kichezeo, wala simshauri mwalimu yeyote kuwalazimisha watoto waighani. Lakini pumzi haina dini. Mwanafunzi wa madrasa anayejifunza tajwidi huzivuta madda na kuishikilia ghuna puani. Wacheza Maulidi ya Homu kule Zanzibar huyumba kwa pamoja huku wakiimba. Waakorino hawaombi bila nyimbo na ngoma. Hata jina la Burma, linalotukumbusha askari wa Afrika Mashariki waliopigana huko mwaka 1944, ni la nchi ambayo watawa wake hughani maandiko yao kila siku. Mtoto wa Eastlands basi haji shuleni mikono mitupu.

Zoezi lenyewe ni jepesi. Keti wima, legeza mabega, vuta pumzi kwa pua. Kisha itoe taratibu ukivuma kama nyuki, midomo imefungwa, mpaka pumzi iishe bila kusukumwa. Rudia mara tano au sita. Baadaye vuta irabu a, o, u kwa sauti ya kadiri, au ughani ubeti unaoupenda. Anayehisi kizunguzungu aache, na anayeumwa na koo apumzike. Lengo si kelele. Lengo ni utulivu. Dakika tano kabla ya somo zitamfaa mwalimu, na dakika tano kabla ya mtihani zitamfaa mwanafunzi ambaye moyo wake unadunda kwa hofu.

Vyuo vya ualimu vinapaswa kufundisha utunzaji wa sauti kwa vitendo, kwa kuwa sauti ndiyo jembe la mwalimu. Tunamfunza kuandaa somo na kusahihisha madaftari, kisha tunamtuma kulima na jembe ambalo hajaonyeshwa namna ya kulishika. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta huu, koo likishaharibika, si rahisi kuujenga.