Amani ni milimani, lakini chandarua kisibaki Mabawa

Likizo ya Juni ikianza, stendi ya Kange hujaa watoto wanaopelekwa kwa bibi na babu. Baadhi yao hushuka Muheza na kupanda gari jingine kwenda Amani. Kwenye mabegi yao hukosi sweta mbili tatu, ila chandarua ni nadra kukiona. Ukiuliza, jibu la wazazi wengi ni lile lile: "Kule baridi, hakuna malaria."

Ndugu mzazi, jibu hilo lina ukweli, lakini zaidi ni ukweli wa zamani. Historia ya Amani yenyewe inatufundisha.

Amani ni sehemu ndogo iliyo kwenye Milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Muheza mjini unapita Sigi, kisha unapanda kwa kona kali katikati ya msitu hadi kwenye mashamba ya chai. Sisi wa mjini tunaitegemea kila siku, kwani Mto Zigi unaotoka kwenye misitu hiyo ndio unaojaza bwawa la Mabayani, chanzo cha maji ya Jiji la Tanga.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha pale taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia. Walipanda miti kutoka pande nyingi za dunia, ukiwemo mkwinini, ambao magome yake hutoa kwinini, dawa ya malaria ya enzi hizo. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga njia ya bahari, askari wa Kijerumani walitengenezewa kwinini hapo hapo Amani.

Baada ya vita taasisi ikawa mikononi mwa Waingereza, na katika miaka ya 1950 majengo yake yakawa kituo cha utafiti wa malaria cha Afrika Mashariki. Leo ni Kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), chenye makao yake Muheza. Katika miaka ya 1980, vyandarua vilivyotiwa dawa vilijaribiwa kwenye vibanda maalumu huko huko Muheza. Kwa hiyo chandarua unachopewa kliniki kina historia hapa hapa mkoani kwetu.

Sasa, kwa nini mlimani malaria ilikuwa chache? Mbu akimuuma mgonjwa hawezi kumwambukiza mtu mwingine siku hiyo hiyo. Vimelea vinahitaji muda wa kukua ndani yake. Kwenye joto kama la Tanga, siku 10 hadi 12 zinatosha. Kwenye baridi vinaweza kuchukua wiki tatu au zaidi, na mbu wengi hufa kabla.

Lakini mlima haubaki vile vile. Msitu ukikatwa, jua linafika chini na madimbwi yanapata joto. Mbu hatari wa malaria hupenda kutaga mayai kwenye maji ya namna hiyo. Watu nao husafiri wakiwa na vimelea kwenye damu. Mwaka 1987 watafiti waliandika kuwa hali ya malaria Amani imebadilika, na maambukizi yameongezeka kuliko zamani.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtu anayeishi kwenye malaria nyingi hujenga kinga kiasi baada ya kuugua mara kwa mara. Aliyekulia kwenye malaria chache hana kinga hiyo. Kwa hiyo mtoto wa Amani anayeshuka kwa shangazi yake Mabawa anaweza kuugua vibaya kuliko wenyeji wake. Naye mtoto wa mjini asiye na chandarua anaweza kuumwa na mbu huko huko mlimani, au akilala njiani Muheza.

Kabla ya safari, zingatia haya:

- Mfungashie mtoto chandarua chenye dawa, awe anapanda mlima au anashuka.
- Mgeni kutoka milimani asilale chini bila chandarua kwa sababu vitanda vimejaa. Yeye ndiye anayekihitaji zaidi.
- Mtoto akipata homa, mpeleke kituo cha afya apimwe siku hiyo hiyo. Usisubiri kesho, na usimpe dawa kwa kubahatisha.
- Mweleze mhudumu mlikotoka. Dalili za malaria kwa kawaida huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, hivyo homa inaweza kutokea mkiwa mmesharudi nyumbani.
- Akipewa dawa mseto, amalize dozi yote ya siku tatu, hata kama homa imeshuka siku ya kwanza.
- Akipata degedege, akitapika kila kitu, akilegea au akishindwa kunyonya, hiyo ni dharura. Mkimbize hospitali.

Waambie na bibi na babu mapema, kwa simu, ili kitanda cha mjukuu kiandaliwe na kamba ya chandarua ifungwe kabla hajafika.