Mji Uliomjengea Mdudu Sanamu



Mwezi uliopita nilikuwa Marekani kumtazama mtoto wa ami yangu anayefanya kazi Atlanta, na nikamwomba anipeleke Enterprise. Huo ni mji mdogo wa wakulima katika jimbo la Alabama, mwendo wa karibu saa nne kwa gari. Alicheka sana, akasema wageni wake wengine wote huomba kupelekwa madukani. Nikamwambia mimi nataka kumwona fukusi.

Katikati ya mji, pale njia mbili zinapokutana, imesimama sanamu ya mwanamke mwenye vazi jeupe refu. Ameinua mikono yake juu, na juu ya mikono amebeba mdudu mweusi mkubwa. Mdudu mwenyewe kwa umbile lake hapiti punje ya mchele. Ni fukusi wa pamba: jike hutoboa tumba changa kwa mdomo wake mrefu, hutaga yai ndani, na funza akianguliwa hulila tumba lote. Alitokea Mexico, akaingia Texas mnamo mwaka 1892, na ilipofika 1915 alikwisha ingia wilaya ya Coffee, ambamo mji huu umo. Wakulima wa huko tegemeo lao lilikuwa pamba, na pamba ikaliwa.

Sanamu ilizinduliwa tarehe 11 Desemba, 1919. Maandishi yake yanamshukuru fukusi kwa kuwa ndiye aliyewatangulizia neema. Kwa miaka thelathini haikuwa na mdudu wowote. Aliongezwa mwaka 1949. Mwalimu wangu wa chuo angeliiona angegeuza uso pembeni, na mimi nilimkumbuka nikatabasamu. Lakini si hilo lililonishughulisha.

Hatua chache kutoka hapo iko stesheni ya zamani ya reli, ambayo sasa ni nyumba ya makumbusho ya mji. Mwaka 1998 wahuni waliivunja sanamu vibaya, kwa hiyo iliyoko njiani leo ni nakala, na ile ya asili imewekwa humu ndani. Nilikaa mbele yake kwa muda. Ukiiona imevunjika ndipo unapoanza kuuliza: aliyestahili shukrani ni nani hasa?

Khabari yenyewe ni hii. Mfanya biashara mmoja wa mji huo, Bwana H. M. Sessions, aliona kuwa pamba imekwisha, akaenda kutazama wanavyolima njugu nyasa katika majimbo ya Virginia na North Carolina. Mwaka 1916 akarudi na mbegu. Wakulima wengi waliogopa. Aliyekubali ni Bwana C. W. Baston, mtu aliyekuwa amezama katika deni. Akalima njugu, akavuna, akalipa deni lake, na akabakiwa na fedha za msimu wa pili. Majirani walipoona hayo nao wakageuka, na mwaka 1917 wilaya ya Coffee ilivuna njugu nyingi kuliko wilaya yoyote ya Marekani.

Basi fukusi alifanya nini? Alikula tu. Kazi ilifanywa na mtu mmoja aliyeleta mbegu na mwingine aliyethubutu kuzipanda. Na sanamu haisemi neno juu ya wale ambao neema haikuwafikia. Huko kusini mwa Marekani wakulima wengi, na hasa watu weusi waliolima mashamba ya wenyewe kwa kugawana mavuno, waliachwa bila kazi pamba ilipoharibika, wakahamia miji ya kaskazini. Hao hawakuwa na la kumshukuria fukusi.

Nimeyaeleza haya kwa sababu katika mikutano yetu husikika kauli kwamba karafuu ikituangusha, dhiki yenyewe itatufunza la kufanya. Siikubali kauli hii. Mkulima wa pamba alipanda njugu akavuna mwaka ule ule. Mkarafuu hutaka miaka sita, pengine minane, kabla ya kupanda ngazi kuuchuma. Pilipili manga na vanila hutaka kama miaka mitatu. Dhiki ikishaingia nyumbani, nani atasubiri miaka mitatu?

Wala karafuu haikosi kuanguka. Tufani ya mwaka 1872 iliing'oa mikarafuu ya Unguja karibu yote. Katika karne iliyopita maradhi ya kufa ghafla yaliua miti mingi mno. Wazee wanajua jinsi mti mzima ulivyokauka ungali umesimama. Kisha Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa kwa ajili ya sigara zake za karafuu, ikapanda mikarafuu yake mwenyewe, na kufika miaka ya 1980 ikawa haituhitaji tena. Hilo nalo ni fukusi, ingawa halina mdomo mrefu.

Sisemi tukate mikarafuu. Mwenye kukata mkarafuu unaozaa sina la kumwambia. Nasema kuwa pilipili manga hupanda juu ya mti ulio hai, na vanila hupenda kivuli, na mdalasini hausumbui penye nafasi. Na wakati wa kujaribu ni sasa, majamvi yakiwa bado yana karafuu.

Kwa hiyo katika mkutano mkuu nitaleta ombi hili: chama kitenge fungu dogo kwa ajili ya wanachama wanne watakaokubali kupanda baina ya mikarafuu yao. Miche ilipwe na chama, na khasara ikitokea igawanywe baina ya chama na mkulima nusu kwa nusu. Wapo watakaosema fedha za chama si za kuchezea. Mimi ndiye niandikaye daftari, najua zilivyo chache. Lakini Baston hakuthubutu peke yake. Alikuwapo aliyemletea mbegu.

Wanne hao nisingependa wawe wenye mashamba makubwa. Wawe watu wa eka tatu, ambao jirani akiwatazama atasema, huyu ni kama mimi. Karatasi ya kuandikisha majina iko afisini, na hadi naandika haya ina jina moja.

Katibu