Asbesto ikishushwa kwenye paa la shule, inaenda wapi?

Shule, zahanati na nyumba nyingi za zamani za serikali nchini Uganda ziliezekwa kwa asbesto. Mabati hayo mazito ya kijivu si chuma, ni saruji iliyochanganywa na nyuzi za madini. Ndugu zetu Wakongomani huyaita eterniti. Yalipendwa kwa sababu hayashiki kutu na hayapigi kelele mvua ikinyesha.

Makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, Imvepi na Lobule yana nyumba mpya kuliko mabati haya. Asbesto ni ya kutafutwa zaidi kwenye majengo makongwe ya wenyeji, huku Logiri na kwingineko West Nile. Lakini watoto wa pande zote mbili husoma pamoja, na bati lililotolewa shuleni linaweza kuishia juu ya jiko, choo au banda la kuku la mtu yeyote.

Paa zima lisiloguswa hutoa vumbi kidogo. Hatari kubwa huja bati linapokatwa kwa msumeno, linapotobolewa au kuvunjwa kwa nyundo. Nyuzi zisizoonekana kwa macho huingia kifuani na kubaki humo. Miaka 20 hadi 50 baadaye zinaweza kuleta mesotelioma, yaani kansa ya utando unaozunguka mapafu. Mwaka 1960 daktari Wagner na wenzake waliripoti wagonjwa 33 Afrika Kusini. Baadhi yao hawakuwahi kuchimba asbesto, waliishi tu karibu na machimbo.

Kifua kuuma, pumzi kukatika, maji kujaa kando ya pafu: dalili hizi hufanana na za TB. Kama dawa za TB hazisaidii na uliwahi kubomoa au kuezeka mapaa ya asbesto, mwambie daktari, hata kama ni zamani sana.

Rwanda imeendesha kampeni ya nchi nzima ya kuondoa mapaa haya. Kwetu kaskazini, asbesto ya majengo ya Gulu ilipelekwa kuzikwa Koch Goma, Nwoya. Kuzika kunahitaji eneo, gari, plastiki ya kufungia na mafundi wenye barakoa maalumu (kitambaa hakizuii nyuzi hizi). Zote hizo ni pesa. Hapa, kwa maoni yangu, sisi mashirika ndio tunaodaiwa: mradi unaolipia mabati mapya na kuyaacha ya zamani uwanjani haujakamilika, hata kama picha za uzinduzi ni nzuri.

Kamati ya shule ina haki ya kuuliza hayo kabla ya kusaini. Na kama mabati yameshashushwa, yamwagiwe maji, yasivunjwe wala kuchomwa, watoto wakae mbali, na afisa mazingira wa wilaya aitwe kabla mtu hajabeba hata moja kwenda nalo nyumbani.