Ilizimwa au Ilizimika?

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata. Nina dukuduku, na dukuduku lenyewe linahusu pikipiki.

Ni Yamaha AG100 ya mjomba wangu. Aliyekulia mashambani anaijua: injini ya tu-stroki, yaani ya mapigo mawili, 97cc, keria mbele na nyuma, stendi ya pembeni kila upande, mnyororo umefunikwa usile tope. Mjomba alikuwa afisa wa kilimo nyanjani. Alipostaafu mwaka 2013 alikuja nayo hapa Buruburu, Phase 3, akaiegesha uani kando ya tangi la maji. Tangu siku hiyo kazi yake imekuwa kuanikiwa matambara na kufuga nyigu.

Mwezi uliopita mnunuzi wa vyuma chakavu akamwahidi mjomba shilingi 4,000. Nikamwomba mjomba anipe wiki mbili.

Kwanza niliipeleka gereji moja, ambayo sitaitaja. Fundi akapiga kiki mara tatu, akapangusa mikono, akatoa hukumu: "Injini imekufa, boss." Dawa? Silinda ichongwe, pistoni mpya, koili mpya, kabureta mpya. Jumla shilingi 28,500. Akaongeza na ushauri wa bure: uza hii takataka, ongeza pesa, ununue Boxer.

Jamani! Hakufungua plagi. Hakunusa tangi. Hakuuliza swali hata moja.

Sina kinyongo na bei, maana fundi ana watoto kama watu wengine. Kinachonikera ni kukisia kwa pesa za mwenzako. Ukibadilisha vitu vinne na mashine ikawaka, hutajua ni kipi kilikuwa kibovu. Isipowaka, umenunua vitu vinne na bado uko gizani.

Na kabla hamjawarukia watu wa jua kali, ngoja kwanza. Sisi wenye digrii za kompyuta ni wabaya zaidi. Seva ikigoma tunaiwasha upya bila kusoma logi. Msimbo wa zamani ukitushinda tunasema "tuandike upya kutoka mwanzo," kwa sababu kuandika ni kutamu kuliko kusoma. Netscape walifanya hivyo hivyo. Toleo la 5 halikutoka kamwe, na la 6 lilipofika Novemba 2000, Internet Explorer ilikuwa tayari imekula soko. Mwaka huo huo Joel Spolsky aliandika kwamba kuandika upya ni kosa baya kuliko yote ambayo kampuni ya programu inaweza kufanya. Ni kweli kwamba kutokana na kazi ile baadaye tulipata Firefox, mwaka 2004. Lakini Netscape yenyewe haikupona.

Turudi kwa pikipiki. Niliisukuma hadi Kariobangi Light Industries, kwa mzee mmoja ambaye kila mtu alinielekeza kwake. Hakuigusa. Aliitazama tu, kisha akaniuliza: "Kijana, hii ilizimwa au ilizimika?"

Sikumwelewa. Akafafanua: "Kuna mtu aliizima akaingia ndani kunywa chai, ama ilizimika barabarani ikasukumwa mpaka nyumbani?"

Nikampigia mjomba. Akasema aliizima mwenyewe, kwa ufunguo, ikiwa nzima. Mzee akacheka. "Basi haijafa, imelala. Tafuta kile kinachoharibiwa na kulala."

Wadau, nimekaa chuoni miaka minne na hakuna mhadhiri aliyenifundisha kutafuta hitilafu kwa maneno machache hivyo. Pistoni huliwa kwa kukimbia, hailiki kwa kusimama. Petroli ndiyo huharibika kwa kusimama: hupunguka kidogo kidogo na kuacha gundi ndani ya kabureta, kwenye jeti ambayo tundu lake ni jembamba kama unywele. Mipira hukauka. Tangi hushika kutu. Nyigu hujenga. Linganisha orodha hii na ile ya 28,500 uone kama ni mashine moja.

Nilirudi uani nikaanza kupima, kimoja baada ya kingine:

1. Kabla ya kiki yoyote, nilifungua plagi, nikamimina oili kidogo kwenye silinda na kuzungusha injini polepole kwa mkono. Silinda iliyokauka ukiipiga kiki kwa nguvu unaikwaruza, halafu kweli utahitaji kuichonga.

2. Kompresheni. Nilikanyaga kiki huku kidole kimeziba tundu la plagi. Kilisukumwa nje kwa nguvu, kwa hiyo silinda na pistoni ni nzima. Hapo hukumu ya gereji ilianguka, na gharama yangu ilikuwa sifuri.

3. Moto. Niliifunga plagi kwenye waya wake, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, mbali na tundu na mbali na petroli, nikapiga kiki. Cheche hafifu. Nikasafisha kutu kwenye viunganishi, nikaweka plagi mpya. Cheche ya buluu. Koili ni nzima.

4. Petroli. Tangi lilitoa maji ya kahawia yenye harufu ya rangi ya nyumba. Nilifungua kabureta: jeti ndogo ilikuwa imezibwa kabisa. Niliilowesha kwa dawa usiku kucha, nikapuliza hewa. Kisha nikatoa kiota cha udongo ndani ya ekzosi.

Injini hizi hulainishwa na oili inayoungua pamoja na petroli. AG100 ina pampu yake ya oili, teknolojia ya Autolube ambayo Yamaha wamekuwa nayo tangu 1964, lakini pampu iliyolala miaka yote hiyo sikuiamini. Nilichanganya kwa mkono, mililita 30 za oili ya 2T kwa kila lita ya petroli, kama wanavyofanya wavuvi wa Lamu kwa mashine za boti.

Kiki ya sita, ikawaka! Majirani walitoka.

Halafu ikaanza kupanda yenyewe. Nimeachilia mkono na bado inalia juu, juu zaidi. Nikavuta choki ikazima, huku nikitetemeka.

Hapa ndipo wengi wangesema "si imewaka?" na kuondoka nayo. Kuwaka si kupona. Programu inayofunguka bila kuonyesha kosa si lazima iwe inahesabu sawa. Tu-stroki hupitisha hewa na petroli ndani ya nyumba ya kranki kabla ya kuvipandisha kwenye silinda. Sili ya kranki ikikauka, hewa ya ziada huingia hapo, mchanganyiko unakosa petroli na oili, joto linapanda na pistoni inakwama. Ningeiendesha hadi Donholm, gereji ingekuwa imesema kweli, kwa kosa langu.

Sili ni mpira, na mpira huharibiwa na kulala. Mzee alikuwa ameshaniambia. Nilinunua sili mbili Kirinyaga Road, akaniazima kifaa cha kuvutia magneto, na akasimama pembeni akiniangalia nisipige nyundo pasipotakiwa. Sasa inanguruma taratibu.

Hesabu: sili mbili 700, plagi 350, dawa ya kabureta 650, oili ya 2T 700, oili ya giaboksi 450, petroli lita tatu. Haikufika 3,500.

Sasa nisiwe mnafiki. Tu-stroki inatoa moshi, na sehemu ya petroli hutoka kwenye ekzosi bila kuungua. Sitashauri mtu aje nayo mjini kila siku kupanga foleni Jogoo Road. Tangu serikali ilipoondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, nchi imejaa injini za mapigo manne zinazokula mafuta kidogo, na kwa bodaboda hilo ni jambo jema. Anayesema "nunua mpya" anaweza kuwa na sababu nzuri. Lakini atoe sababu hiyo. Asiniambie mashine imekufa wakati hajaigusa mshipa.

AG imeshapanda lori kwenda Kitale, ambako mjomba ana ekari mbili na njia mbaya. Kabla haijaondoka nilifunga petroli nikaiacha injini imalize yote iliyomo kwenye kabureta. Wenye pikipiki za theluji huko Kanada hufanya vivyo hivyo kila msimu unapoisha, ndiyo maana zao huamka.

Kwa hiyo ombi langu kwa mafundi wote, wa gereji na wa ofisini: usibadilishe kitu ambacho hujakipima. Na kwako mteja, kabla hujatoa hata shilingi, sikiliza kama fundi ameuliza swali lolote. Kama hajauliza, chukua pikipiki yako uisukume. Kariobangi si mbali.