Kobalti: magari yalikuja, bei ikaanguka

Mwaka 2018 tani moja ya kobalti ilifika karibu dola 95.000. Wataalamu wengi walikubaliana: magari ya umeme yataongezeka, kobalti itakosekana. Magari yaliongezeka kweli, lakini bei ilianguka, na mwisho wa 2019 Glencore ikasimamisha mgodi wa Mutanda, kule Lualaba.

Juu ya nini? Migodi ilitoa kobalti kupita mahitaji. Halafu China ikaendeleza betri za lithiamu, chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata kidogo. Mwaka 2024 zilikuwa karibu nusu ya betri za magari ya umeme duniani.

Basi mchimbaji wa Likasi, mbele ya kukopa pesa juu ya bei ya kesho, aulize: wataalamu hawa wanahesabu betri gani?