Matairi Manne kwa Pamoja, na Dereva Asikatwe Mshahara



Yako mambo mawili ambayo twataka kuyasema waziwazi. La kwanza, gari linalovutwa na magurudumu yote manne halifai kutiwa matairi mapya mawili huku mawili mengine yakiwa yamelika. La pili, giaboksi ya gari hilo ikifa kwa sababu hiyo, dereva asilipizwe.

Magari ya namna hii yamejaa kwetu, tangu Shauri Moyo na Kaloleni hata Umoja na Kayole. Ziko Land Rover za zamani na Land Cruiser za kazi, ambazo nyingi dereva hutia foo-wili mwenyewe akiingia matopeni. Tena ziko Subaru, ambazo wenzetu wengine wamezinunua kwa mikopo ya chama cha akiba, na nyingi za hizo huvuta kwa magurudumu yote wakati wote, topeni na kwenye lami.

Sisi watu wa reli twapaswa kulifahamu jambo hili upesi. Magurudumu mawili ya behewa yamekazwa katika ekseli moja, nayo huzunguka pamoja. Moja likilika, fundi halikerezi hilo peke yake, bali huyakereza yote mawili mpaka yawe na kipimo kimoja. Asipofanya hivyo behewa huvuta upande mmoja, na ukingo wa gurudumu husugua reli. Gari la foo-wili ni vivyo hivyo, maana magurudumu ya mbele na ya nyuma yameunganishwa kwa shafti na gia.

Tufanye hesabu. Tairi jipya lenye kimo cha sentimita 70 huwa na meno ya milimita 8 hivi. Likilika mpaka meno yabaki milimita 3, kimo kimepungua milimita 10, na mzunguko wake umepungua milimita 31. Kwa hiyo katika kila kilomita tairi kuukuu litazunguka mara 6 na nusu hivi zaidi kuliko jipya. Toka Nairobi mpaka Mombasa, kilomita 480 hivi, tofauti ni zaidi ya mara 3,000. Topeni tairi huteleza kidogo na mambo yakaisha. Lakini kwenye lami kavu ya Jogoo Road tairi limeshika barabara, basi taabu yote huangukia gia na shafti. Land Rover ya namna hiyo iliyotiwa foo-wili juu ya lami hukaza usukani, na mti wa gia hukataa kutoka. Subaru huanza kushtukashtuka ikikata kona polepole, na mwisho fundi anakuambia giaboksi imekwisha. Wenye kuzitengeneza Subaru wameonya kwamba mzunguko wa matairi usipitane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6 hivi.

Dawa yake ni kuyapa matairi zamu. Kila kilomita 8,000 hadi 10,000, ya nyuma yaende mbele moja kwa moja, na ya mbele yaende nyuma kwa kupishana, la kulia kushoto na la kushoto kulia. Tairi lenye mshale ubavuni lisivushwe upande wa pili, bali libadilishwe mbele na nyuma tu. Spea ikiwa ya namna ile ile, nayo iingie katika zamu. Nati zikazwe kwa kupishana, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hivi. Yakitunzwa hivyo, manne huisha pamoja na hununuliwa pamoja.

Na moja likipasuka njiani? Usikimbilie jipya. Jaza upepo sawa katika yale matatu, uyapime mzunguko kwa utepe wa fundi cherehani, kisha uende Kirinyaga Road ukatafute la mtumba la aina hiyo na kipimo hicho. Soma tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Lililozeeka sana uliache, hata kama meno yake yanapendeza.

Sasa tuje kwenye haki. Twamjua dereva ambaye stoo ilimpa matairi mawili mapya ya mbele, na ya nyuma yakaachwa karibu kipara. Alisema kwa mdomo, akaambiwa aende kazini. Giaboksi ilipokufa, lawama ilikuwa yake, na mshahara ukakatwa. Hili si jambo la kunyamaziwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibiwa na kosa la makusudi la mfanya kazi. Je, mtu asiyeagiza matairi wala kuyagawa, makusudi yake yako wapi?

Wakubwa watasema fedha za matairi manne kwa mara moja hazipo. Twajibu kwamba gari litakula matairi yale yale kwa miaka ile ile, ila malipo yatakuja kwa pamoja, nayo yaweza kupangwa mapema. Giaboksi haingoji mpango. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo twadai kila gari la kazi liwe na daftari la matairi: tarehe, kilomita, meno ya kila tairi, sahihi ya dereva na ya karani wa stoo, na nakala ibaki kwa dereva. Maneno ya mdomo hayasimami mbele ya kamati.

Ndugu dereva, ukipewa matairi mawili badala ya manne, andika kabla hujashika usukani. Kisha ulete karatasi hiyo kwa katibu wa tawi. Mmoja akiandika ataitwa mkaidi, lakini tukiandika sote itakuwa desturi ya kazi.