Ekipe za wanafunzi: diploma inafika, wachezaji wanaenda

Kijana wa Vuhovi anayejua mupira akienda kusoma UCG, chuo kikuu cha Butembo kilichoanzishwa mwaka 1989, anaweza kuchezea ekipe ya wanafunzi. Lakini ekipe hiyo iko na shida yake: mchezaji akipata diploma, anaenda. AS Nyuki inaweza kubaki na mutu wake myaka mingi, chuo hapana. Ndiyo maana michezo kati ya fakilte, sheria na uganga, kilimo na uchumi, si ya kujifurahisha tu. Ni kule wachezaji wapya wanaonekana. Jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Kiwanja kinakutanisha mwenyeji na aliyekimbia vita. Fakilte zikikosa kiwanja ao mipira, ekipe kubwa nayo itakufa.